Kunenepesha ng'ombe Madisi: hesabu ianzie kisimani

Madisi ni kituo cha biashara katika wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, kando ya barabara kuu ya M1 inayopanda hadi Karonga na mpaka wa Songwe. Kwa anayetaka kununua ng'ombe waliokonda, kuwalisha miezi mitatu na kuwauza wakiwa wamenona, mahali hapa panavutia. Baada ya mavuno kuna pumba za mahindi na majani ya karanga. Wachinjaji wa Lilongwe hawako mbali. Katika wilaya hiyohiyo ipo kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, iliyofunguliwa mwaka 1994, ambako zaidi ya watu 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, wamejenga soko ambalo Kiswahili ni lugha ya kila siku.

Wengi huanza hesabu ya biashara hii kwa bei ya ng'ombe na bei ya pumba. Maji huwekwa mwisho, kana kwamba yapo tu. Hapo ndipo mtaji unapoweza kuzama.

Mvua za Malawi ya kati hunyesha kati ya Novemba na Aprili. Ng'ombe walioingizwa zizini Julai, wakati chakula ni rahisi, hufikia kuuzwa Oktoba, mwezi wa joto kali na wa visima kushuka. Anayelishwa pumba na majani makavu hapati maji ya maana kutoka kwenye chakula. Anahitaji takriban lita 40 kwa siku, na zaidi jua likizidi. Akinywa kidogo hula kidogo, na asipokula haongezi uzito. Mwenye mali anaendelea kulipa mlishaji na mlinzi, lakini kilo zimesimama.

Ng'ombe 100 basi hunywa lita 4,000 kwa siku. Kisima kinachotoa robo lita kwa sekunde hutoa lita 900 kwa saa. Pampu ya umeme wa jua ikifanya kazi saa 6, zinapatikana lita 5,400. Yanatosha, na ya kuoshea mabirika yanabaki. Lakini kisima hicho kikipungua kwa theluthi moja Oktoba, zinabaki lita 3,600. Upungufu wa lita 400 unaonekana mdogo, ila ni ng'ombe 10 wasiopata maji, kila siku.

Ndiyo maana siku ya kupima kisima ina uzito kuliko kina chake. Sehemu kubwa ya Dowa imekaa juu ya mwamba wa kale, na maji hujificha kwenye nyufa na katika tabaka la mawe yaliyooza. Kisima kimoja kinaweza kuwa kizuri na kingine cha jirani kikawa kikavu. Anayepima Machi, ardhi ikiwa imeshiba mvua, anapata jibu la kupendeza lisilomsaidia Oktoba. Mchimbaji atakiwe kusukuma maji kwa saa nyingi mfululizo mwishoni mwa kiangazi, na kiwango kiandikwe kabla ya malipo ya mwisho.

Maji ya paa hayatoshi kuziba pengo. Bati la mita za mraba 150, kwa mvua ya milimita 800, hukusanya lita 120,000. Hata theluthi ikipotea, zinabaki lita 80,000, yaani siku 20 za ng'ombe 100. Tatizo ni kwamba yanakuja wakati visima vimejaa, na kuyahifadhi hadi Oktoba kunahitaji tangi kubwa mno. Lambo huhifadhi mengi zaidi, ila jua hunywa sehemu yake na kwato huligeuza tope, isipokuwa likizungushiwa uzio na maji yakavutwa hadi kwenye birika.

Matangi ya lita 12,000, maji ya siku tatu, ni kinga ya pampu kuharibika au mawingu kutanda. Mfanyabiashara wa mpakani anahitaji kinga zaidi ya hiyo. Ugonjwa wa miguu na midomo unapozuka, minada hufungwa na vibali vya kusafirisha mifugo husitishwa. Ng'ombe 100 waliozuiliwa siku 10 wanahitaji lita 40,000 ambazo hazikuwa kwenye bajeti.

Lipo pia suala la majirani. Lita 4,000 zingewatosha watu 200 kwa lita 20 kila mmoja. Mwenye zizi anayetegemea pampu ya mkono ya kijiji anashindana na ndoo za akina mama. Machi 2024, Malawi ilitangaza hali ya maafa katika wilaya 23 kati ya 28 kwa sababu ya ukame. Katika mwaka wa namna hiyo hakuna mwenyekiti wa kijiji atakayetetea ng'ombe wa mgeni. Kisima cha zizi kiwe chake, mbali na samadi na upande wa juu wa mteremko. Bomba moja la kuwahudumia majirani, lililoandikwa kwenye makubaliano, ni ulinzi wa bei nafuu.

Kisheria, kuchota maji kwa biashara kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2013. Umiliki wa ardhi ni mgumu zaidi kwa mgeni, na mkimbizi yuko pagumu zaidi: mwaka 2023 serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini warudi Dzaleka. Njia iliyobaki ni kushirikiana na Mmalawi mwenye ardhi.

Ushirika huo unahitaji karatasi. Ng'ombe huweza kupakiwa kwenye lori mambo yakiharibika. Kisima hakihamishiki, na aliyekilipia bila mkataba humwachia mwenye shamba.