Noeli ni uzazi, haiko soko

Kila mwaka, mvua za mwezi wa 12 zinapopiga Lubumbashi na maembe yanapoiva, tunaona jambo lilelile mu nyumba zetu. Baba anahesabu deni, mama anazunguka soko kutafuta nguo mpya ya mutoto, na pembeni ya televizio kunasimama muti wa plastiki uliofunikwa na pamba nyeupe. Mwaka moja mutoto wetu, aliyekuwa na miaka 6, aliangalia pamba ile, halafu akatuuliza: «Baba, Yesu alizaliwa mu frigo?»

Tulicheka. Kisha tukanyamaza, maana kosa halikuwa lake. Sisi wazazi, tuliosoma, ndio tuliomufundisha hivyo.

Tuseme wazi: Noeli ni habari ya uzazi. Mwanamuke alizaa mbali na kwao, nafasi ilikosekana, akamulaza mutoto mu hori ya wanyama. Je, hapo kuna nini ambacho mutu wa kwetu hawezi kufahamu? Wazee wetu walijua vema namna ya kupokea mutoto: majirani wanaleta maji, kuni na unga wa uji, bibi anaogesha mutoto, watu wanangojea jina, na mara nyingi ni jina la babu ao la nyanya aliyetangulia. Elimu yote ya Noeli ilikuwa tayari mu kiwanja chetu. Tukaiacha, tukaenda kununua theluji!

Wengine watasema: «Ile ni sikukuu ya Wazungu, tuiache tu.» Neno hili halikuanza leo. Mwaka 1972 utawala wa Mobutu ulikataza majina ya kikristo, na mwaka 1974 ukaondoa Noeli kati ya siku za mapumziko. Tarehe 25 Desemba ikawa siku ya kazi. Walisema ni kwa kurudisha asili yetu. Lakini Noeli haikufa. Amri inaweza kufungua ofisi. Haiwezi kuingia mu chumba ambamo mama anasimulia mutoto wake. Na mwaka 1988 Roma ilikubali kitabu cha misa cha majimbo ya Zaire, ambamo mababu wenye moyo mwema wanaitwa pamoja na watakatifu. Basi, kama kanisani babu anaitwa, juu ya nini nyumbani, siku ya Noeli, asitajwe hata jina?

Wengine tena, hasa mu makanisa ya uamsho, wanatuambia kwamba tarehe 25 Desemba haiandikwi mu Biblia. Ni kweli, haiandikwi. Lakini bibi zetu wengi hawakujua tarehe yao ya kuzaliwa, na hatukukataa kwamba walizaliwa.

Wanaobaki ni wale wa plastiki na nguo mpya. Wanasema: «Mutoto atasikia haya mbele ya wenzake.» Haya ile, nani aliileta? Tumeona watoto wanaobaki nyumbani siku ya Noeli kwa sababu hawakupata viatu. Sikukuu ya mutoto maskini inafukuza mutoto maskini! Na mwezi wa 1 deni la nguo linakula pesa za masomo ya mukubwa wake wa sekondari. Ile haiko furaha, ni hasara tunayoivalisha shati jipya.

Sisi mu nyumba yetu tuligeuza desturi. Juma moja mbele ya Noeli tunaenda na mutoto ku kichuguu, maana mu Katanga hatukosi vichuguu. Tunachota udongo mwekundu, ule wa kufanyia matofali, na yeye anafinyanga Maria, Yosefu, kuku na mbuzi. Mbuzi moja alitoka na miguu mitatu, hatukumukosoa. Hatukuvumbua kitu. Mwaka 1223, kule Greccio mu Italia, Fransisko wa Asizi alitengeneza hori ya Noeli kwa majani makavu na wanyama wa palepale. Alitumia vya kwao. Nasi tutumie vya kwetu.

Mangaribi ya tarehe 24 tunapika bukari na sombe, tunakunywa munkoyo. Lakini mbele ya kula, mutoto anabeba mwenyewe unga wa uji na sabuni, anapeleka kwa jirani aliyezaa siku zile. Akirudi, tunamusimulia siku aliyozaliwa yeye: nani alimushika wa kwanza, nani alimupa jina, na babu mwenye jina lile alikuwa mutu wa namna gani. Mutoto huyu haulizi tena habari ya frigo. Anajua kwamba Yesu alizaliwa mu nyumba ya watu, sawa vile yeye.

Wazazi wenzetu, hatuwaombi muache Noeli. Tunawaomba muirudishe mu nyumba. Na pamba ile ya ku muti, mupelekee muzazi. Njo mahali pake.