Wengi Wape, Lakini Wachache Usiwanyime

Katika kata ya Kaloleni, hapa mjini Arusha, yapo Makumbusho ya Azimio la Arusha, yanayohifadhi kumbukumbu ya uamuzi uliopitishwa na TANU mwaka 1967. Mwenye kutaka kuzungumzia kura za urais hana budi kuanzia enzi ile, kwani ndimo yalimokomaa mazoea yetu ya kuupima uhalali wa kiongozi kwa ukubwa wa asilimia. Tangu uchaguzi wa 1965 hadi ule wa 1990, mgombea urais alikuwa mmoja tu, na mpiga kura alitakiwa aseme Ndiyo au Hapana. Katika chaguzi zote hizo, Ndiyo ilipata zaidi ya asilimia 90. Kwamba wengi walimpenda Mwalimu Nyerere kwa dhati, hilo halina ubishi. Lakini asilimia zile hazikuweza kutueleza ni wangapi wangemchagua mwingine, lau mwingine angekuwapo.

Ndugu msomaji, mazoea hayo hayajatutoka. Kila baada ya uchaguzi husikika barazani kwamba fulani ameshinda kwa kishindo, basi amepewa ridhaa kamili. Na kwamba fulani amepenya kwa kura chache, basi hana nguvu ya kutawala. Hesabu hiyo ina kasoro, na ushahidi tunao humu humu nyumbani.

Tuanze na Bara. Mwaka 2010 Rais Jakaya Kikwete alitangazwa mshindi kwa zaidi ya asilimia 61 ya kura halali. Mwaka 2015 Dkt. John Magufuli alishinda kwa asilimia 58.46. Mwenye kutazama asilimia peke yake atasema ushindi wa kwanza ulikuwa mkubwa zaidi. Lakini mwaka 2010 waliojitokeza kupiga kura hawakufika nusu ya watu takriban milioni 20 walioandikishwa, na kura za mshindi zilikuwa takriban milioni 5.3, yaani robo na ushei tu ya walioandikishwa. Mwaka 2015 wapiga kura walijitokeza kwa wingi, na mshindi akapata kura 8,882,935 dhidi ya 6,072,848 za Edward Lowassa. Asilimia iliyo ndogo ilibeba watu wengi zaidi. Aliyebaki nyumbani siku ya kura naye ametoa neno, ila hakuna fomu ya matokeo inayomnukuu.

Zanzibar inatupa somo zito zaidi. Mwaka 1995 Dkt. Salmin Amour alitangazwa kumshinda Maalim Seif Sharif Hamad kwa tofauti ya kura 1,565, asilimia 50.2 kwa 49.8. Ukafuata uhasama wa miaka. Mwaka 2000 Amani Abeid Karume alitangazwa mshindi kwa asilimia 67. Kama wingi wa asilimia ungekuwa dawa, Zanzibar ingetulia. Badala yake, Januari 2001 maandamano ya kuyapinga matokeo yalikabiliwa kwa risasi, makumi ya watu wakauawa, hasa Pemba, na zaidi ya 2,000 wakakimbilia Shimoni nchini Kenya.

Kisha ukaja mwaka 2010. Dkt. Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1, Maalim Seif 49.1, na tofauti yao ilikuwa kura 3,471. Ulikuwa ushindi mwembamba kama ule wa 1995, lakini hapakumwagika damu. Kwa nini? Kwa sababu kabla ya kura, Karume na Maalim Seif walikuwa wamekaa wakapatana, na wananchi wakaridhia kwa asilimia 66.4, katika kura ya maoni ya Julai 2010, kwamba serikali iwe ya umoja wa kitaifa. Aliyeshindwa alijua kwamba watu wake hawatafukuzwa mezani, akayakubali matokeo na kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulipofutwa na ule wa Machi 2016 kususiwa na CUF, Dkt. Shein yule yule alitangazwa mshindi kwa asilimia 91.4. Nani atathubutu kusema kwamba asilimia 91 ile ilikuwa na nguvu kuliko 50 ya kwanza?

Majirani zetu wa Kenya nao wana ushuhuda wao. Mwaka 2007 Mwai Kibaki alitangazwa kumshinda Raila Odinga kwa kura 231,728. Wapinzani walisema hawana imani na mahakama, nchi ikawaka, na zaidi ya watu 1,100 wakapoteza maisha. Mwaka 2022 William Ruto alimshinda Raila huyo huyo kwa kura 233,211, tofauti ambayo karibu ni ile ile. Safari hii mlalamikaji alikwenda Mahakama ya Juu, akasikilizwa hadharani, na tarehe 5 Septemba akapewa hukumu. Hakuifurahia, lakini hakuiasi. Kilichobadilika katikati ya miaka hiyo ni kupatikana kwa mlango wa kubisha hodi.

Sisi mlango huo tuliufunga kwa kufuli la Katiba. Ibara ya 41(7) inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa Rais, hakuna mahakama itakayochunguza kuchaguliwa kwake. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake katika mji wetu huu wa Arusha, ilitamka Julai 2020 kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Uchaguzi wa 2025 ulipowadia, katazo lilikuwa lingalipo.

Na matokeo ya uchaguzi huo tunayajua. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, katika kinyang'anyiro ambacho CHADEMA haikuwamo, mwenyekiti wake Tundu Lissu akiwa mahabusu kwa shtaka la uhaini, naye mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, ameenguliwa. Tarehe 29 Oktoba maandamano yalizuka katika miji kadhaa, Arusha ikiwamo. Watu waliuawa, na intaneti ikazimwa. Waangalizi wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukufuata misingi ya Umoja huo. Asilimia karibu 98 na misiba siku zile zile: hapana shaka kwamba kipimo chetu kimevunjika.

Wako watakaosema kwamba mshindi ni mshindi, hata kwa kura moja. Kisheria wana hoja, kwani tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000 urais wa Tanzania hauhitaji tena zaidi ya nusu ya kura. Lakini kura humpa mtu kiti. Ridhaa humpa utii wa nyoyo. Uongozi ni amana, na amana haikabidhiwi kwa kunyang'anya. Aliyekabidhiwa kwa wembamba anakumbushwa kila siku kwamba nusu ya watu wake wanamtazama. Aliyetangaziwa asilimia 98 hana wa kumkumbusha, na hiyo ndiyo hatari yake.

Wahenga walisema wengi wape. Hawakusema wachache wanyime. Ikiwa tunataka asilimia zetu ziheshimike, basi mambo matatu yatangulie: wagombea wasienguliwe kwa hila, matokeo ya urais yaruhusiwe kuhojiwa mahakamani, na aliyeshindwa ahakikishiwe nafasi katika nchi yake. Yakipatikana hayo, asilimia 51 itatosha kutawala kwa amani. Yakikosekana, hata 100 haitatosha.