Mtaka picha safi hukosa zote

Siku hizi hakuna arusi, ubatizo wala kikao cha mahari hapa Ngagara ambacho simu kumi au ishirini haziinuliwi juu kupiga picha. Ni jambo jema. Lakini subiri wiki mbili zipite, kisha waulize wapigaji wale wale picha ziko wapi. Wengi watakujibu kuwa wamezifuta. Huyu alifumba macho, yule alikatwa kichwa, ile ilitikisika, na nyingine ilionyesha kamba ya nguo nyuma ya bibi arusi.

Nionavyo mimi, tabia hii ya kufuta kila picha yenye kasoro inatupotezea mengi. Mpiga picha wa ridhaa, yaani yule anayepiga kwa kupenda tu bila kulipwa, hana mteja wa kumridhisha. Anayemsumbua ni yeye mwenyewe. Na wanaoumia zaidi ni familia za watu waliorudi kutoka ukimbizini, kwa sababu ndizo zenye picha chache kuliko wote.

Ikumbukwe kuwa wengi waliokimbia mwaka 1972 waliondoka na nguo walizovaa tu. Watoto wao waliozaliwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu walikua bila kuiona sura ya babu. Waliokimbia mwaka 1993, na wengine mwaka 2015, nao waliacha mengi nyuma. Katika familia kama hizo, picha moja iliyonusurika, hata kama imepauka na kukunjika pembe, hutunzwa kama hati ya shamba. Hakuna anayeuliza kama mpigaji alishika kamera sawasawa. Watu huuliza: huyu wa kushoto ni nani? Ukuta ule ni wa nyumba ipi?

Baada ya maafa ya Rwanda ya mwaka 1994, maelfu ya watoto walipotezana na wazazi wao. Mashirika ya misaada, UNICEF na Msalaba Mwekundu yakiwamo, yalitumia picha za watoto hao makambini ili ndugu wapite, watazame na kuwatambua. Hawakupambwa wala kusubiri mwanga mzuri. Kilichotakiwa ni uso unaotambulika, na kwa uso huo mtoto aliweza kurudi kwa mama yake.

Mfano mwingine uko Gulu, kaskazini mwa Uganda, katika studio iitwayo Gulu Real Art Studio. Mashine yake ya picha za kitambulisho ilitoa nne kwa mpigo, na wateja wengi hawakuhitaji nne. Basi mpiga picha alimpiga mteja picha ya kawaida akiwa ameketi, kisha akaukata uso na kumpa. Mabaki yalikuwa takataka. Martina Bacigalupo, mpiga picha Mwitaliano aliyekuwa akiishi hapa Burundi, aliyaona mabaki yale na kuyakusanya. Mwaka 2013 yalionyeshwa New York na kutolewa kitabu. Ni picha za watu wasio na nyuso! Lakini tazama kilichobaki: mikono ya mkulima juu ya magoti, mtoto aliyepakatwa, koti la kuazima lile lile kwa mteja huyu na yule. Kilichotupwa ndicho kilichoeleza maisha ya watu wa Gulu baada ya vita.

Hapa ndipo lilipo somo kwetu. Kasoro ya leo huwa habari ya kesho. Ile kamba ya nguo nyuma ya bibi arusi, ile baiskeli iliyoegemezwa, ule ukuta wenye nyufa, ndivyo vitu ambavyo wajukuu watavitafuta. Ngagara ilianza kujengwa miaka ya 1950 na ofisi ya kikoloni iliyoitwa OCAF, na wazee wengine hadi leo huutaja mtaa kwa jina hilo. Nyumba nyingi za wakati ule zimebadilishwa sura. Picha ya mtoto aliyetikisika mbele ya nyumba kama hiyo inaweza kuwa ndiyo pekee inayoonyesha mlango wake ulivyokuwa.

Wazazi wetu walisaidiwa na uhaba. Mkanda wa filamu ulikuwa na picha 24 au 36, na usingejua umepata nini mpaka usafishwe. Ukishalipia, ulichukua zote, za macho yaliyofumbwa na za vidole mbele ya lenzi. Ndiyo maana albamu zao zimejaa vicheko vya kweli. Leo tunapiga picha mia moja na kubakiza tatu, na hizo tatu watu wote wamesimama kama askari kwenye gwaride.

Tena tujiulize, kipimo hicho cha picha "safi" kilitoka wapi? Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilizipa maabara kadi zenye picha ya mwanamke mweupe ili zirekebishe rangi kwa kufuata ngozi yake. Watu weusi walipotoka kama vivuli, ilisemekana mpigaji hajui kazi. Kumbe tatizo lilianzia kwenye kipimo.

Wafanyabiashara wa mpakani wanalijua jambo hili kuliko sisi. Soko kuu la Bujumbura lilipoungua Januari 27, 2013, wachuuzi wengi walihamia masoko mengine, likiwamo hili la Ngagara tunaloliita Cotebu. Mchuuzi anayetuma picha ya mzigo kwa mwenzake aliyeko Kigoma au Uvira haijali kupendeza. Anataka doa la kitenge lionekane na gunia lililochanika lionekane, kwani picha inayoficha kasoro huleta ugomvi mzigo ukifika. Kwake picha nzuri ni ile inayosema kweli.

Sisemi watu wapige ovyo. Kujifunza ni lazima. Futa lenzi kwa kitambaa. Epuka jua la saa sita mchana linalotia kivuli machoni. Saa kumi na moja jioni mwanga wa Bujumbura hupoa. Na picha inayomdhalilisha mtu haina budi kufutwa, hilo halina mjadala. Lakini kujifunza ni kuitazama picha mbaya na kujua ilikosewa wapi. Ukishaifuta, hata hilo somo limekwenda.

Kwa hiyo rai yangu kwa ndugu zangu wapiga picha wa mitaani ni hii: usifute siku ile ile. Iache picha ikae mwezi mmoja, kisha waonyeshe waliomo, maana mama wa mtoto huona asichokiona fundi. Zile chache zenye watu muhimu zichapishe kwenye karatasi, kwa sababu simu huibiwa na nyingine huzama ziwani. Nyuma yake andika majina, mahali na tarehe. Na mzee aliye nyumbani mpige leo, hata kama taa ni hafifu na shati lake si jipya. Wahenga walisema kenda shika, si kumi nenda uje.