Afisa wa Mazingira Naye Afundwe



Bibi arusi wa Pwani hapelekwi kwa mumewe kabla ya kufundwa. Kijana haachiwi mimbari kabla ya kukaa miaka mbele ya mwalimu wake. Nahodha hakabidhiwi chombo kabla ya kuzijua pepo na miamba. Sisi ni watu tunaoelewa kwamba kazi ya amana hapewi asiyefunzwa. Basi na tuulize, wasomaji wangu wapenzi: yule anayepewa mamlaka juu ya maji wanayokunywa watoto wetu, juu ya moshi unaoingia madirishani na taka zinazomwagwa nyuma ya nyumba, yeye amefundwa na nani, na amefundwa nini?

Swali hili tumekwisha kulilipia, na malipo yake yalikuwa mazito. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Mikindani mjini Mombasa, kulikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kutoa madini ya risasi. Jirani zake walikuwa wakazi wapatao 3,000. Bi. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho hicho, alimwona mwanawe mchanga akiugua bila kupona. Alipopimwa damu, ikakutwa risasi ndani yake. Mama huyo aliiacha kazi, akawakusanya majirani, akabisha hodi ofisi baada ya ofisi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, na mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Tarehe 16 Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikaitengua amri hiyo ya malipo mwaka 2023. Na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Wengi hukumbuka zile fedha. Mimi naomba tuukumbuke mgawanyo wa lawama. Mahakama ya Mombasa haikumtwika mwenye kiwanda mzigo peke yake. Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMA, ilibebeshwa asilimia 40, fungu kubwa kuliko la kiwanda chenyewe. Na wizara ya mazingira na ile ya afya nazo zikapewa mafungu yao. Mlinzi alihesabiwa miongoni mwa waliodhuru, kwa kuwa mwizi aliingia kwa mlango ambao ufunguo wake alikuwa nao yeye.

Ili tuone kwa nini elimu ya afisa ni jambo la nyumbani mwetu, na tuitazame risasi yenyewe. Risasi iliyomo katika maji au vumbi haionekani kwa macho wala haina harufu ya kuonya. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza risasi aliyoimeza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima, nayo huidhuru akili yake inayokua. Kwa mwanamke, risasi hujificha mifupani kwa miaka mingi, kisha wakati wa mimba hutoka na kuingia damuni, ikamfikia kiumbe kilichomo tumboni. Hivyo mama anaweza kumrithisha mwanawe sumu aliyoivuta yeye kabla hata hajaolewa. Afisa anayefika mahali kama hapo, akanusa, akatazama huku na huku, kisha akasema hakuona kitu, huenda hakusema uongo. Lakini pia hakukagua.

Kenya haina uhaba wa sheria. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa mwaka 1999. Kanuni za tathmini ya athari kwa mazingira zikafuata mwaka 2003, na zile za taka na ubora wa maji mwaka 2006. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi yenye afya. Katiba hiyo hiyo imezikabidhi serikali za kaunti kazi ya kuzoa taka, kusimamia majaa, na kudhibiti uchafuzi wa hewa na makelele. Na mwaka 2022 ikaja sheria ya usimamizi endelevu wa taka. Hata hivyo sheria haitembei kwa miguu yake. Hutembea kwa miguu ya mkaguzi, ya bwana afya, ya karani anayepokea ombi la leseni. Miguu hiyo ikiwa haijui njia, sheria hubaki kabatini.

Ni mafunzo gani basi anayoyahitaji afisa huyu? Kwanza ni elimu ya kupima. Maji yanayochotwa kwa chupa isiyosafishwa, yasiyoandikwa mahali wala saa yalipochotwa, yakakaa juani kabla ya kufika maabara, hayatasimama mbele ya hakimu. Wakili wa mchafuzi atayaangusha kwa swali moja. Pili ni elimu ya kusoma. Ripoti ya tathmini huwa ndefu, nayo huandaliwa na mtaalamu anayelipwa na mwenye mradi. Asiyejua kuuliza moshi utaelekea wapi upepo wa kusi unapovuma, au maji yatakwenda wapi mvua za masika zikinyesha, atatia muhuri juu ya asichokielewa. Tatu ni elimu ya kusikiliza. Mwanamke anaposema kwamba kuku wanakufa, kwamba nguo zikianikwa zinaingia doa, kwamba watoto wa safu moja ya nyumba wanakohoa pamoja, huo ni ushahidi wa mwanzo, na afisa aliyefunzwa atauandika daftarini. Asiyefunzwa ataona ni maneno ya kina mama tu.

Mambo haya si mageni katika dini yetu. Dola za Kiislamu zilikuwa na muhtasib, afisa wa hisba, aliyesimamia masoko, njia, maji na mafundi. Wanazuoni waliandika vitabu vya kumfundisha kazi yake. Mmoja wao, ash-Shayzari, aliyeishi katika karne ya sita ya Hijria, alieleza hata namna tanuri za waoka mikate zinavyopaswa kuwa na dari ya juu na matundu mapana ya kutolea moshi. Na kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuzijua hila za kila ufundi, muhtasib alielekezwa amteue kutoka kila kazi mtu mwaminifu anayeifahamu, amfichulie yaliyojificha. Tazameni hekima hiyo: mamlaka inakiri mipaka ya elimu yake, kisha inaitafuta elimu iliko.

Tena imepokewa katika vitabu vya wasifu wa Masahaba kwamba Sayyidna Umar, radhi za Allah zimfikie, alimkabidhi Bibi ash-Shifaa bint Abdillah baadhi ya mambo ya soko la Madina. Wanazuoni wamejadiliana juu ya nguvu ya riwaya hiyo. Lakini hawakuhitilafiana kwamba bibi huyo alikuwa msomi, na kwamba ndiye aliyemfundisha Sayyidatna Hafsa kuandika. Basi mzazi mwenye binti anayependa kemia au biolojia asimkatize njia. Ukaguzi wa mazingira ni kazi ya heshima, na jamii yetu inawahitaji mabinti katika kazi hiyo.

Atasema msemaji: Sheikh, maradhi ya ofisi zetu ni rushwa, afisa ukimsomesha, utakuwa umemnoa mla rushwa. Neno hili lina ukweli ndani yake, kwa kuwa elimu haimpi mtu uchamungu. Lakini tufikiri. Rushwa hupenda giza, na ujinga ni giza lake la karibu zaidi. Palipo na kipimo kilichoandikwa, chenye tarehe, saa na sahihi, afisa hawezi tena kujificha nyuma ya neno "sikujua". Mkubwa wake naye hawezi, na wananchi wanacho cha kupeleka mahakamani. Kwa hiyo mafunzo hayachukui nafasi ya amana, bali yanamwondolea mkosaji udhuru.

Nayaandika haya nikiwa mtaa wa West Indies, Eldoret, mbali na bahari yetu. Mji huu ulitangazwa kuwa jiji tarehe 15 Agosti 2024, na jiji linapokua, taka zake hukua pamoja nalo. Mto Sosiani unapita katikati ya mji, unaingia Kipkaren, Kipkaren unaingia Nzoia, na Nzoia unamwaga maji yake Ziwa Victoria. Kinachotupwa mtaroni hapa kinaweza kufika kwa mama anayechota maji mbali sana na hapa, asiyewahi kulisikia jina la mtaa wetu. Uislamu umetukataza kudhuru na kulipizana madhara, wala haukumtoa katika haki hiyo jirani wa mbali wa mtoni.

Wala mwalimu hakukosekana. Kilomita chache kutoka ofisi za kaunti hapa kuna Chuo Kikuu cha Eldoret, chenye skuli ya masomo ya mazingira. Kwenu Pwani, Chuo cha Serikali cha Kenya, ambacho kazi yake ni kuwafunza watumishi wa umma, kina kampasi Mombasa na Matuga. Kinachohitajika ni fungu la fedha na nia ya kuwapeleka maafisa darasani, si siku moja ya chai na picha, bali mafunzo yenye mtihani na yenye kurudiwa.

Hapo ndipo familia zinapoingia. Kaunti inapoita kikao cha maoni ya wananchi kuhusu bajeti, kina mama wahudhurie na waulize: mwaka huu ni maafisa wangapi wa mazingira na afya watakaosomeshwa, na vifaa vyao vya kupimia viko wapi? Pili, kila nyumba iliyo karibu na kiwanda, karakana au jaa iwe na daftari. Andikeni siku, saa, harufu, rangi ya maji, na aliyeugua. Tatu, mtoto anayeishi mahali panapoyeyushwa betri akidhoofika bila sababu, mwombeni daktari apime risasi katika damu. Nne, malalamiko yapelekwe NEMA kwa maandishi, na mbaki na nakala. Mkipuuzwa, jueni kwamba kifungu cha 70 cha Katiba kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kabla ya madhara kutokea, bila kulazimika kuthibitisha kwamba mtu fulani amekwisha kuumia. Hatulazimiki kungoja jeneza ndipo tuwe na kesi.

Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Afisa asiyefunzwa naye atafunzwa na ulimwengu, lakini karo ya masomo hayo hailipi yeye. Hulipwa na damu ya watoto wa watu wanyonge. Tumwombe Allah awape viongozi wetu elimu yenye manufaa na nyoyo zenye kuogopa hesabu, na atujaalie sisi macho ya kuona na ujasiri wa kusema.

Wabillahi tawfiq.