Kigogo wa chama gani?

Jamani wadau, hivi "kigogo" nacho ni chama? Mbunge wa upinzani akikamatwa kwa vurugu, chama chake kinapanda hadi kwenye kichwa cha habari. Wa chama tawala akiguswa na ufisadi, ghafla anageuka "kigogo mmoja". Kha!

Jamaa zangu wa hapa bwenini wanabisha, eti chama kisitajwe kabisa, habari ni mtu. Sikubali. Ibara ya 67 ya Katiba yetu haimruhusu mtu kugombea ubunge bila chama, na ya 71 inasema ukiacha chama, kiti nacho unakiacha. Sasa unamtenganishaje na waliompeleka Dodoma? Akipata ajali ya gari, sawa, chama hakihusu. Akipiga kura bungeni au akitafuna hela za umma, andikeni.

Tena andikeni cha wakati ule. Hayati Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu 2008 kwa sakata la Richmond akiwa CCM. Akahamia Chadema 2015, akarudi CCM 2019. Ukiandika Richmond, weka CCM. Ukiandika kura zake milioni 6 na ushee za 2015, weka Chadema. Ugumu uko wapi hapo, wahariri?