Kabla ya mchanga wa Dubai, lala usiku mmoja Turkana

Ukifungua simu jioni ya Ijumaa, utamwona tu. Msee mliyesoma naye sasa yuko Dubai, ameketi juu ya tuta la mchanga, jua linazama nyuma yake, glasi ya chai mkononi. Chini ya picha kila mtu anauliza: na mimi nitaenda lini?

Sisi wa Eldoret tunatamani jangwa la kufikiwa kwa ndege, ilhali tuna letu la kufikiwa kwa matatu. Kutoka hapa hadi Kitale, kisha Makutano, Marich, Kainuk, Lokichar hadi Lodwar ni takriban kilomita 370. Asubuhi unatoka na sweta kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000. Jioni unashuka Lodwar, kwenye mita 500 hivi, shati limelowa jasho. Kilomita 60 hivi mbele kuna Eliye Springs, ufuoni mwa Ziwa Turkana, ambako chemchemi hububujika kati ya mikoma na mchanga. Kuna mahali pa kulala, na hema lako pia lina nafasi.

Lakini mwambie mzazi unaenda kulala huko. Atashtuka: "Turkana? Kwani kuna nini huko?"

Swali hilo halikuanza leo. Mkoloni aliifanya Turkana jela. Baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, na kuanzia 1959 Kenyatta akawekwa kizuizini Lodwar hadi 1961. Uhuru ulikuja, ila fikra ile haikuondoka. Hadi leo mfanyakazi wa serikali akikosana na mkubwa wake, tunamtania kwamba atahamishiwa Turkana. Na watu wa kaskazini wakifunga safari kuja huku kwetu, wengine bado husema wanaenda Kenya. Ni utani, lakini unauma.

Ndiyo maana tunasema usiku mmoja kule una faida kuliko picha mia. Giza likiingia, upepo nao huamka. Hema ambalo halijafungwa sawasawa litang'oka, na mchanga utaingia hadi kwenye ugali. Mtandao ukipotea, mnabaki kupiga stori tu, na juu yenu nyota ambazo taa za Eldoret hazikuwahi kuwaonyesha. Novemba 3, 2013, watu walifunga safari hadi ziwa hili kutazama jua likipatwa. Na upande huo huo wa magharibi mwa ziwa, huko Nariokotome, Mkenya Kamoya Kimeu aliona kipande cha fuvu mwaka 1984. Kikawa mwanzo wa kufukuliwa kwa mifupa ya kijana aliyeishi takriban miaka milioni 1.5 iliyopita. Kuna nini huko? Kuna historia ya binadamu wote.

Hata hivyo, tusiende kama tulivyozoea kwenda sherehe. Kwanza, mama aliyevaa shanga si pambo la TikTok yako. Msalimie, omba ruhusa, na akikataa, funga kamera. Pili, kuna makundi yanayobeba kila kitu kutoka supamaketi za Eldoret, yanajibamba usiku kucha, kisha yanaacha chupa tupu mchangani. Maji ya kunywa beba, kwa sababu huko maji ni shida na si haki kumpunguzia mwenyeji. Lakini samaki nunua kwa mvuvi, kikapu cha mkoma nunua kwa aliyekisuka, na kijana wa pale awe ndiye anayewaongoza. Ukija kujibamba kwa mtu, mwachie chapaa, usimwachie takataka.

Tatu, usijifanye shujaa. Sehemu za barabara karibu na Kainuk zimewahi kumwaga damu kwa sababu ya ujambazi. Ulizia hali kabla ya kutoka, safiri mchana, na ukiambiwa ngoja, ngoja.

Hapa ndipo serikali inapoguswa. Barabara ambayo wewe unaiogopa mara moja kwa mwaka, mwingine hana budi kuipita. Mgonjwa wa Turkana akipewa rufaa ya kuja Hospitali ya Moi hapa Eldoret, hupitia huko huko. Usalama wa njia hiyo usihubiriwe kwa ajili ya watalii pekee. Hata bila mtalii mmoja, wanaoishi kando yake wana haki ya kusafiri bila kuomba dua kila kona.

Basi likizo ijayo, kabla hamjachanga pesa, anzeni na jambo dogo. Darasani kwenu, iwe Chuo Kikuu cha Moi au cha Eldoret, huenda yuko mwenzenu wa kutoka Lodwar au Kalokol. Kila muhula huenda na kurudi kwa njia ile. Anajua mahali mchanga ulipo laini, upepo unaanza saa ngapi, na nani ana mashua. Mmekaa naye miaka miwili, mitatu. Kuna aliyewahi kumuuliza kwao kukoje?