Daftari la Wiki: Mgeni wa Kimarekani na Hesabu za Wenyeji

Miezi ya Juni hadi Oktoba, ambayo ni kiangazi katika mbuga za kaskazini mwa Tanzania na kusini mwa Kenya, ndiyo inayowaleta Wamarekani wengi Afrika Mashariki, na kwa Kenya taifa hilo limekuwa katika miaka ya karibuni likiongoza orodha ya nchi zinakotoka wageni. Msimu huo huja pia na mazungumzo yasiyochapishwa katika vipeperushi vya utalii, mazungumzo ya madereva, wapishi wa kambini na wahudumu wa hoteli kuhusu taifa lipi lina wageni wema na lipi lina wageni wa kuchosha. Humo Mmarekani hupewa hukumu mbili zinazopingana: kwamba ni mchangamfu na mkarimu kuliko wengi, na kwamba anaamini dunia nzima iliandaliwa kwa ajili ya likizo yake. Hukumu zote mbili zina ushahidi. Kinachostahili kuchunguzwa ni kwa nini ile ya pili huambatana na kinyongo ambacho Mjerumani au Muitaliano mwenye vituko vile vile hakipati.

Pew, taasisi ya Marekani inayotafiti maoni ya umma, iliwahoji watu wa nchi 37 mwaka 2017 na kuona kwamba katika nchi ya katikati ya orodha (kipimo ambacho wanatakwimu hukiita mediani) asilimia 49 waliitazama Marekani kwa jicho jema, ilhali waliowatazama hivyo Wamarekani wenyewe walikuwa asilimia 58. Tofauti hiyo inaonyesha kwamba wenyeji wengi hutenganisha mtu na serikali yake, jambo ambalo msafiri mwenyewe mara nyingi haamini kuwa linawezekana, ndiyo maana huomba radhi kwa ajili ya rais wake kabla hajaulizwa.

* * *

Lawama ya sauti kubwa ni ya zamani, na huenda ndiyo nyepesi kuliko zote. Mwaka 1942, majeshi ya Marekani yalipoanza kumiminika Uingereza, Wizara ya Vita ya Marekani iliwapa askari wake kijitabu kilichowaonya wasijigambe, wasioneshe fedha hadharani na wasimkosoe Mfalme, kwa kuwa ilijulikana kwamba askari wa kawaida wa Kimarekani alilipwa mara kadhaa zaidi ya mwenzake wa Kiingereza na kwamba jambo hilo lingezua chuki baa na dansini. Waandishi wa kijitabu hicho walielewa mapema kwamba kelele huudhi zaidi zinapotoka kwa mtu mwenye mfuko uliotuna. Katika miji ya pwani ya Waswahili kosa linalotajwa zaidi ni lingine: mgeni anafika dukani na kuuliza bei akiwa bado mlangoni, bila kusalimu, bila kuuliza habari za asubuhi wala za nyumbani, kisha anatabasamu kwa upendo wa kweli na kushangaa kwa nini mwenye duka amenuna. Kwake tabasamu limetosha kuwa salamu. Kwa mwenye duka, salamu ndiyo kibali cha kuanza mazungumzo. Hapo hakuna dhuluma yoyote, na aliyefundishwa mara moja hufurahia kupiga hodi.

* * *

Ni haki kukumbuka kwamba mashtaka makali zaidi dhidi ya msafiri wa Kimarekani yameandikwa na Wamarekani. Mark Twain, aliyesafiri kwa meli ya Quaker City mwaka 1867 hadi Ulaya na Nchi Takatifu, alichapisha miaka miwili baadaye kitabu kilichowacheka abiria wenzake waliokuwa wakimegua vipande vya makaburi na majengo ya kale ili warudi navyo nyumbani. Mwaka 1958 William Lederer na Eugene Burdick walitoa riwaya *The Ugly American*, iliyowekwa katika nchi ya kubuni ya Asia ya Kusini-Mashariki, ambamo maofisa wa ubalozi wanaishi katika ngome ya karamu zao bila kujua lugha ya wenyeji, wakati mhandisi mmoja mwenye sura isiyovutia, Homer Atkins, anakaa vijijini na kutengeneza pampu ya maji inayoendeshwa kwa baiskeli. Seneta John Kennedy alikuwa miongoni mwa walioisambaza kwa maseneta wenzake, na alipokuwa rais alianzisha mwaka 1961 Peace Corps, mpango wa kupeleka vijana wa kujitolea katika nchi changa. Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kuwapokea, mwaka huo huo, na kundi lake la kwanza lilikuwa la wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia.

Msomaji wa Afrika Mashariki anayeifungua riwaya hiyo leo ataona jambo ambalo huenda waandishi wake hawakuliona. Hata Mmarekani mwema, yule aliyewekwa awe kielelezo, ni mtu anayefika kijijini na kugundua tatizo ambalo wanakijiji wameishi nalo karne nzima bila kulitatua. Mkewe anatambua kwamba wazee wamepinda migongo kwa sababu ya mafagio mafupi, na anawaonyesha jinsi ya kutia mpini mrefu. Wema huo hauna hila, lakini unamweka mwenyeji katika nafasi ya mwanafunzi wa kudumu. Peace Corps yenyewe iliondoka Tanzania mwaka 1969 na kurudi mwaka 1979, na wengi waliofundishwa nayo hesabu na sayansi huwataja walimu wao kwa heshima, hasa wale waliojifunza Kiswahili na kula ugali bila kuutolea maelezo. Kero ya siku hizi inaelekezwa zaidi kwa kizazi kingine cha wema: kundi linalofika kwa wiki mbili, likapaka rangi darasa ambalo fundi wa kijijini angelipaka kwa siku mbili na kulipwa, likapiga picha na watoto ambao wazazi wao hawakuombwa ruhusa, kisha likaondoka.

* * *

Bakshishi ni mfano wa tabia moja inayozaa shukrani na manung'uniko kwa pamoja. Nchini Marekani bakshishi ni sehemu ya mshahara iliyohamishiwa kwa mteja: sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, kiwango kisichobadilika tangu 1991 (ingawa majimbo mengi yameweka viwango vya juu zaidi), mradi bakshishi ifidie pengo lililobaki hadi kima cha chini. Aliyekulia katika utaratibu huo huacha asilimia 15 hadi 20 mezani hata katika nchi ambako hakuna anayetarajia, na nchini Japani huweza kumfedhehesha mhudumu kwa nia njema kabisa.

Kilimanjaro hali ni nyingine. Asubuhi ya mwisho, kambini Mweka au chini getini, waongozaji, wapishi na wapagazi, ambao mlimani huitwa wagumu, hujipanga mbele ya wageni. Nyimbo huimbwa, kiongozi wa msafara hutoa hotuba fupi, na bahasha hukabidhiwa. Kwa mgumu aliyebeba hadi kilo 20 kichwani kwa siku sita au saba, bahasha hiyo ni ada ya shule au bati za nyumba, kwa hiyo swali la kwanza msafara unapopangwa ni wageni wanatoka wapi, na jibu la Marekani huwachangamsha watu. Wanaonung'unika ni wageni wa Ulaya, wanaodai kwamba Wamarekani wanaharibu bei. Lalamiko hilo halina uzito, kwa sababu kinachoharibika ni mfuko wa mlalamikaji tu. Lenye uzito ni lile la wagumu wenyewe, kwamba baadhi ya kampuni, zikijua bahasha itakuja, hulipa ujira mdogo kuliko inavyostahili na kuuacha ukarimu wa mgeni uzibe pengo. Hivyo mtu aliyekimbia migahawa ya kwao anaukuta utaratibu wake wa mshahara umemtangulia mlimani.

* * *

Kinyongo kizito zaidi hakina uhusiano na adabu, na wasafiri wengi wa Kimarekani hawajawahi kukisikia kwa kuwa chanzo chake kiko mahali wasipopita. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, katika kifungu kinachojulikana kama 214(b), inamchukulia kila mwombaji wa viza ya matembezi kuwa mhamiaji mtarajiwa hadi atakapomridhisha ofisa wa ubalozi kwamba atarudi kwao. Mzigo wa kuthibitisha uko kwa mwombaji. Kwa sababu hiyo, hadi mwaka 2025, Mtanzania aliyetaka kuhudhuria mahafali ya mwanawe Ohio alilipa dola 185 zisizorudishwa, alifika alfajiri kwenye ubalozi wa Marekani ulioko Msasani, Dar es Salaam, akiwa na bahasha ya kaki yenye hati ya kiwanja, barua ya mwajiri, taarifa ya benki na cheti cha ndoa, na alisimama mbele ya dirisha la kioo kujibu maswali ya dakika chache ambayo pengine hayakuigusa bahasha hiyo hata kidogo. Aliyekataliwa alipewa karatasi iliyochapishwa tayari inayotaja kifungu hicho. Jirani zake walijua jioni hiyo hiyo, kwa sababu safari ilikwisha kutangazwa na nauli ilichangwa na ukoo.

Mmarekani anayekuja Tanzania hulipa dola 100 mtandaoni au kwenye kaunta ya uwanja wa ndege, wakati raia wa nchi nyingi nyingine hulipa 50, na si ajabu kumsikia akilalamika katika foleni kwamba anaonewa. Kiwango hicho kinafuata msingi wa kulipizana, ambao katika diplomasia una maana ya kumtoza na kumtendea mgeni kwa kadiri serikali yake inavyowatoza na kuwatendea raia wa mwenyeji. Brazili iliuchukua msingi huo kwa uzito zaidi: Desemba 2003, Marekani ilipokuwa ikijiandaa kuchukua alama za vidole na picha za wageni, jaji wa shirikisho katika jimbo la Mato Grosso aliamuru Wamarekani wanaoingia Brazili watendewe vivyo hivyo, na Januari 2004 rubani mmoja wa Kimarekani akakamatwa uwanjani São Paulo kwa kuinua kidole cha kati mbele ya kamera. Brazili iliwaondolea Wamarekani viza mwaka 2019 bila kupata chochote mkabala wake, kisha ikairudisha Aprili 10, 2025. Tofauti ni kwamba kulipizana humgusa msafiri mfukoni na kumchelewesha kwenye foleni, ilhali upande wa pili huamua kama bibi atamwona mjukuu.

Desturi ya baadhi ya Wamarekani kushona bendera ya Kanada kwenye mikoba yao, iliyosikika tangu enzi za vita vya Vietnam na kufufuka wakati wa uvamizi wa Iraki mwaka 2003, inachekesha kidogo ikitazamwa kutoka kwenye foleni ya Msasani. Bendera hubadilishwa kwa sindano na uzi. Pasipoti iliyo mfukoni hubaki ile ile, na ndiyo inayopita.

* * *

Jijini Mexico hali imekwenda mbali zaidi ya utalii. Tangu janga la Uviko-19 maelfu ya Wamarekani wamehamia mitaa ya Roma na Condesa kama wahamahamaji wa kidijitali, yaani watu wanaomfanyia kazi mwajiri wa nchi moja kwa kompyuta huku wakiishi nchi nyingine, wakisaidiwa na ruhusa ya kukaa hadi siku 180 bila viza. Methali ya Kiswahili inampa mgeni siku mbili na jembe siku ya tatu. Huyu hapewi jembe kwa sababu shamba lake liko San Francisco. Serikali ya jiji yenyewe, chini ya Claudia Sheinbaum, iliwakaribisha kwa makubaliano na Airbnb na UNESCO mwezi Oktoba 2022. Kodi zilipanda, na wenyeji wanaolipwa kwa peso wakajikuta wakishindania vyumba na watu wanaolipwa kwa dola, hali ambayo wapangaji wa Masaki na Oysterbay jijini Dar es Salaam, waliozoea kutajiwa kodi kwa dola hadi kanuni za Machi 2025 zilipokataza bei za fedha za kigeni nchini Tanzania, hawahitaji kuelezwa.

Julai 4, 2025, sikukuu ya uhuru wa Marekani, waandamanaji walipita mitaani humo wakiwataka wageni waondoke, na vioo vya baadhi ya mikahawa vikavunjwa. Sheinbaum, wakati huo akiwa rais, alilaani chuki dhidi ya wageni huku akikiri kuwa tatizo la kodi ni la kweli, na mwezi huo huo mkuu wa jiji, Clara Brugada, akatangaza mpango wa kuzuia kodi isipande kupita mfumuko wa bei. Mabango yalimlenga Mmarekani mwenye kompyuta mkahawani, ingawa wenye nyumba wengi katika mitaa hiyo ni Wameksiko, na barua za kuwataka wapangaji wa siku nyingi wahame husainiwa na wao.